Bili Imerefuka Kuliko Ilivyopanda

Wagonjwa huniita dada wa bima. Katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Dodoma mjini nilianzia dirisha la malipo ya taslimu, enzi zile mtu anakuhesabia noti mkononi, kontroli namba bado hazijaja. Baadaye nikahamishiwa kitengo cha bima na huko ndiko nimebaki. Asubuhi nahakiki kadi, mwisho wa mwezi naandaa madai. Bili za kila aina zimepita mbele ya macho yangu, kuanzia ya mtoto aliyepimwa malaria akaondoka na dawa mseto, hadi ya mzee aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu mpaka ndugu wakaacha kupokea simu zangu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, dirishani na hata msibani, ni kwa nini matibabu yamepanda hivi. Muulizaji mara nyingi anakuja na jibu lake mfukoni: hospitali zimegeuka biashara. Wapo wanaofanya biashara, sibishi, nitawafikia. Lakini ukitoa bili ya zamani kwenye makabati yetu ukailaza kando ya bili ya leo, bei siyo itakayokushtua kwanza. Bei zimepanda, ndiyo, kama zilivyopanda za unga na nauli. Kinachoshtua ni urefu wa karatasi. Ile ya zamani ina mistari minne: kumwona daktari, kipimo cha malaria, kipimo cha choo, dawa. Hii ya leo inafika chini ya ukurasa na kuendelea nyuma.

Mistari hiyo imetoka wapi? Mingine imetoka kwenye magonjwa yenyewe. Malaria ina tabia moja nzuri, kama neno hilo linaifaa: inaisha. Kipimo cha haraka, dozi ya siku tatu, faili linarudi rafu. Sasa chukua mama wa miaka hamsini na kitu mwenye sukari. Ana dawa za kila mwezi, kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kipimo cha figo, kuangaliwa macho, kuangaliwa miguu, na akiwa na presha pia (na wengi wanayo) anaongezewa dawa nyingine mbili. Mwezi ujao anarudi. Mwaka ujao anarudi. Zamani mama huyu angefariki mapema bila kujua anaumwa nini, na asingemgharimu mtu yeyote chochote zaidi ya sanda. Leo yuko hai, anacheza na wajukuu, na bili yake haina mstari wa mwisho. Sehemu kubwa ya ongezeko la gharama ni hiyo, watu kuishi, na haifai kusikitikiwa. Ila lazima mtu alipe.

Shida ni kwamba bima, tangu asili yake, ilibuniwa kwa ajili ya tukio. Tunachanga wengi, linampata mmoja, tunamsaidia, maisha yanaendelea. Presha haina siku ya kutokea. Ni kama kodi ya nyumba, kila mwezi mwenye nyumba anagonga. Ukiwa na wanachama wengi wa namna hiyo na vijana wachache wanaochangia bila kuugua, hesabu hazifungi hata ukiweka malaika kwenye uhasibu.

Mistari mingine imetokana na mji kukua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoa wa Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Milioni moja ndani ya miaka kumi! Katikati hapo, mwaka 2016, ndipo serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo, na watumishi wakaja na kadi zao. Sisi wa dirishani tuliliona hilo kabla halijaandikwa popote. Foleni ya taslimu ilipungua, foleni ya kadi ikazunguka kona. Na kadi zinapokuja, mashine nazo zinakuja. Ultrasaundi, CT skani, maabara zenye mashine za kupima vitu vingi kwa mpigo, kliniki za meno, za macho, za ngozi. Zamani mgonjwa wa kichwa kisichoeleweka alipelekwa Dar es Salaam, na wengi hawakwenda, kwa hiyo hawakuwahi kuwa gharama. Sasa kipimo kiko mtaa wa pili. Ugonjwa uliokuwa haulipiwi kwa sababu haukuonekana, sasa unaonekana na unalipiwa.

Nilipojiendeleza kwa masomo ya jioni, mwalimu wetu wa uchumi alitusomesha makala ya Kenneth Arrow ya mwaka 1963. Mmarekani huyo alieleza kwa nini soko la matibabu haliendi kama soko la nyanya. Mnunuzi hajui anachohitaji, inabidi amwulize muuzaji, na hata akishanunua hana uhakika kama alichopewa ndicho kilichomponya. Darasa zima tuliandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa natabasamu tu, maana nilikuwa nimetoka kuyaona asubuhi hiyohiyo.

Nisimulie. Walikuja wanaume wawili, umri unalingana, wote magoti. Mmoja analipa taslimu, dereva wa bajaji. Alitoka kwa daktari ameshika karatasi ya vipimo, akaja dirishani kuuliza bei, akasimama kidogo, akarudi mlangoni kwa daktari. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia.

“Dokta, samahani. Hiki cha picha ni lazima leo?”

“Si lazima sana. Tuanze na dawa na mazoezi, ukirudi baada ya wiki mbili bado linauma, tutapiga picha.”

Akashukuru, akalipia dawa, akaondoka. Nusu saa baadaye akaja wa pili, mwenye kadi. Yeye alitoka kwa daktari amekunja uso.

“Dada, huyu dokta mgeni? Kanigusa tu goti, hajanipima kitu. Mimi nakatwa mshahara kila mwezi.”

Akarudishwa ndani, akapigwa picha, akatolewa damu. Dawa aliyopewa ilikuwa ileile ya dereva wa bajaji.

Hapo nani mwovu? Mgonjwa anachangia asilimia tatu ya mshahara wake na mwajiri wake tatu nyingine, ana haki ya kuona anapata kitu. Daktari anaogopa kulalamikiwa, na anaogopa zaidi kukosa jambo kubwa lililojificha kwenye goti. Hospitali inalipwa kwa kila huduma iliyotolewa, kwa hiyo haina sababu ya kumzuia yeyote. Mfuko wa bima uko mbali, utaiona picha ya goti mwezi ujao kwenye madai. Watu wanne mezani, kila mmoja ana hoja, na wote wanasukuma upande mmoja. Yule dereva wa bajaji peke yake ndiye aliyeuliza kama ni lazima, na aliuliza kwa sababu fedha ilikuwa inatoka mfukoni mwake. Msinielewe vibaya: simsifu kwa hilo. Siku nyingine swali lilelile humfanya mtu kama yeye aache kipimo kilichokuwa kiokoe mguu wake.

Mfuko nao hujibu kwa makato. Madai yanapelekwa, yanarudi yamepunguzwa: kipimo hiki hakikuhalalishwa na ugonjwa ulioandikwa, dawa hii imezidi kiwango, saini hii haifanani. Mengine ni haki kabisa. Nimewahi kuona fomu ambayo mwanamume aliandikiwa huduma ya wajawazito, na sikuhitaji kuuliza sana. Mengine ni ubishi wa miezi. Kwa vyovyote, ili kupambana na makato inabidi uajiri watu wa kuandika vizuri, na mfuko unaajiri watu wa kusoma vizuri, na mishahara yetu sote inatoka kwenye michango ileile. Mimi mwenyewe ni mstari kwenye bili yako, ingawa sijaandikwa.

Kuna jambo ambalo darasani lilinigusa zaidi hata ya Arrow. Mwaka 1966 William Baumol na William Bowen walichunguza kumbi za muziki na tamthilia wakaona kitu rahisi: wapiga fidla wanne wanaopiga muziki wa zamani wanahitaji bado watu wanne na muda uleule, ilhali kiwandani mtu mmoja anazalisha mara nyingi zaidi ya babu yake. Lakini mishahara ya wapiga fidla lazima ipande pamoja na ya viwandani, vinginevyo nani atabaki kwenye fidla? Kwa hiyo kazi za mikono ya watu hupanda bei hata kama hakuna mlafi yeyote.

Nenda kwenye chumba cha kusafisha damu ulione hilo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa anatakiwa kusafishwa mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Mashine inafanya kazi, ndiyo, lakini muuguzi aliyesomea lazima awepo, aangalie presha isishuke, aangalie mshipa, amfunike mgonjwa shuka akitetemeka. Huwezi kumwambia afanye haraka. Tuseme kila awamu ni shilingi laki mbili, nikikadiria kwa bei nilizozizoea. Mara tatu kwa wiki, wiki 52, ni awamu 156. Ni shilingi 31,200,000 kwa mwaka, mtu mmoja, na mwaka unaofuata tena. Sasa tumia kama kipimo mchango wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ule wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita ulioanza mwaka 2018. Zingehitajika kaya 1,040 zichange na zisiugue kabisa, hata mafua, ili kumlipia huyo mmoja. Ndiyo maana kadi za bei hiyo hazibebi mambo ya namna hii, na ndiyo maana watu huzikasirikia siku wanapozihitaji zaidi. Nimetukanwa sana dirishani kwa sababu ya hesabu hii, na sijawahi kuwa na moyo wa kumpigia mtu hesabu hiyo mgonjwa wake akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Hasira nyingine ni ya “dawa hakuna, kanunue nje.” Mtu amekatwa mshahara, amepanga foleni, amefika dirisha la dawa, anaambiwa aende duka la jirani kwa fedha zake. Analipa mara mbili. Sehemu kubwa ya dawa tunazotumia nchini zinaagizwa kutoka nje au zinatengenezwa hapa kwa malighafi ya nje, hivyo shilingi inapolegea, kama mwaka 2024 dola ilipofika karibu shilingi 2,700, duka la dawa linapandisha bei mapema kuliko mfuko unavyoweza kubadili viwango vyake vya kulipa. Hospitali ikiona dawa fulani inanunuliwa ghali kuliko inavyolipwa na bima, nitakuachia wewe ukisie kwa nini inaadimika kwenye rafu.

Sasa niseme ya vijijini, maana mji una kelele nyingi lakini mzigo mzito zaidi nimeuona kwa watu wa Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Februari moja alikuja mzee na kijana wake, wamemleta mama aliyepata kiharusi. Niliwasalimia kwa Kigogo, “mbukwenyi”, wakafurahi kidogo, kama watu waliokutana na ndugu ugenini. Walikuwa wa taslimu. Nilipomwonyesha mzee jumla, aliitazama muda mrefu, halafu akatoa fedha zilizofungwa kwenye kitambaa.

“Mwanangu, nimeuza mbuzi mnadani. Mnunuzi alishajua nina mgonjwa. Alinipa bei aliyotaka yeye.”

Februari kwetu ni mwezi mbaya wa kuuza mbuzi. Mvua zinanyesha, mavuno bado, ghala limekwisha, kila mwenye mifugo anauza ili anunue mahindi. Mbuzi ni wengi mnadani na fedha ni chache. Angeuza Julai, watu wakiwa wamevuna alizeti na mtama, mbuzi walewale wangelipa bili na chenji ikabaki. Kwa hiyo bili yetu ilimgharimu mzee yule zaidi ya tarakimu zilizokuwa kwenye karatasi yangu, na tofauti hiyo haiko kwenye takwimu yoyote ninayoiandika mwisho wa mwezi. Haiko nauli ya bodaboda hadi barabarani, haiko kulala kwenye korido, haziko siku za palizi ambazo kijana hakuwepo shambani.

Nilipomdadisi kijana, mama alikuwa na presha iliyojulikana. Alipewa vidonge zahanati, akavimeza, akajisikia vizuri, akaacha. Mara ya pili alipoenda, vilikuwa vimeisha, na duka la dawa liko mbali. Vidonge vya presha vya kawaida ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa tulizonazo. Ukinipa mamlaka ya siku moja juu ya fedha za afya za nchi hii, sitanunua mashine. Nitahakikisha vidonge hivyo havikosekani zahanati hata wiki moja, na mhudumu wa afya wa kijiji analipwa kwenda kumwuliza mama kama amemeza. Najua hakuna anayekata utepe kwa ajili ya vidonge.

Yule mzee alishindwa kumaliza deni, akapelekwa ustawi wa jamii. Alikuwa amepita miaka sitini na hana kitu, akapewa msamaha kwa sehemu iliyobaki. Watu wanadhani msamaha ni fedha inayotoka mahali. Mara nyingi haitoki mahali popote. Ni pengo kwenye vitabu vyetu, na pengo huzibwa kwa bei ya yule anayelipa, au kwa glavu zisizonunuliwa, au kwa mkandarasi wa usafi anayesubiri. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza: ni sahihi wasilipe, na ningependa iendelee hivyo. Ila msamaha usiokuwa na bajeti ni ahadi inayotolewa na mmoja na kulipwa na mwingine.

Mama yangu mzazi hukumbuka enzi za matibabu bure. Uchangiaji ulipoanza mwaka 1993 aliona ni kama serikali imevunja undugu. Kisha zikaja CHF na NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 viongozi wa Afrika wakakubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, lengo ambalo nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazijazoea kulifikia. Mwaka 2023 Bunge, hapahapa mjini kwetu, likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwaka huohuo kulikuwa na fundisho ambalo halikuhitaji mwalimu: Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto ya NHIF, ilisimamishwa. Mzazi alikuwa analipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto. Lilikuwa jambo zuri mno, na hilo ndilo lililoiangusha, kwa sababu wengi waliokuja kukata kadi walikuwa na mtoto mgonjwa mkononi. Wazazi wa watoto wazima walibaki nyumbani. Matumizi yakaipita michango mbali sana. Nilikuwa dirishani kipindi kile, na wazazi waliokuwa wakilia hawakuwa na kosa lolote; ungekuwa na mtoto mwenye selimundu, nawe ungekata kadi hiyo siku ya kwanza.

Kwa hiyo mimi niko upande wa lazima. Kila mtu achangie, mzima na mgonjwa, asiye na uwezo achangiwe. Marekani wanatumia kiasi cha asilimia 17 hadi 18 ya pato la taifa zima kwa afya na bado wapo watu wao wasio na bima, kwa hiyo wingi wa fedha peke yake hautamaliza jambo. Hofu yangu ni kwamba sheria itajaza mfuko, halafu fedha yote ipande juu kwenye hospitali kama yangu, zenye mashine na dada wa bima, na zahanati ya mama yule ibaki bila vidonge.

Kwenye kikundi chetu cha vikoba hapa Chang’ombe nimekuwa nikiwashikia bango. Pendekezo langu ni kwamba tunapogawana Desemba, mkononi kukiwa na fedha, mchango wa bima ya kila kaya ukatwe kwanza kabla mtu hajahesabu chake. Akina mama wenye presha waliunga mkono mara moja, nilitarajia hivyo. Waliogoma ni vijana. Mmoja wao, fundi wa alumini mwenye mwili wa chuma, aliniambia mbele ya mkutano, “Dada, mimi sijawahi kulala hospitali. Mnataka niwalipie ninyi.”

Nikamjibu ndiyo, ndicho tunachotaka. Akacheka, na wengine wakacheka. Tulipiga kura, tukapita, lakini katiba ya kikundi inasema makato mapya yanahitaji ridhaa ya kila mwanachama, na fundi na wenzake wawili hawajasaini mpaka leo. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi. Mwenyekiti amesema nije na hesabu, siyo maneno.